Kiti cha Mgeni Kwenye Toroli

Kuna methali moja siisemi. Akiisema mtu mbele yangu, nainuka naondoka, hata kama chai iko mezani na maandazi bado ya moto. "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Wajukuu zangu husema bibi ana gubu. Waache waseme. Hawakumwona mama yangu amekaa juu ya boksi la sabuni, amejitanda kanga ambayo haijafuliwa hata mara moja, akingoja zamu yake.

Tulihamishwa wakati mahindi yameanza kubeba. Walikuja watu wa serikali na malori, wakaiita operesheni, wakatwambia tukae pamoja kijijini ili tupate shule, maji na zahanati. Shule tulipata, sitakuwa mnafiki. Maji tulichota mtoni kama zamani, ila mto sasa ulikuwa mbali zaidi. Kijiji chenyewe kilipimwa juu ya shamba la mkonge lililokufa, huku kwetu nyuma ya Mnyuzi. Ardhi ilikuwa imechoka, na mkonge ulioachwa ulikuwa umejiotea ovyo ukatoa milingoti mirefu isiyo na mwenyewe. Kwetu kwa zamani kukawa mahame. Michungwa ya baba ilibaki huko. Kaburi la baba lilibaki huko, na pembeni yake wadogo zangu wawili, pacha, waliochukuliwa na surua.

Siku ya kuhama mama alianguka akishuka kwenye lori. Alikuwa amekumbatia kinu, hakutaka kukiachia, akatua kwa nyonga. Mfupa ukaunga vibaya. Tangu siku hiyo safari yake ndefu ilikuwa kutoka kitandani hadi jikoni, na fimbo mkononi.

Mama hakuwa mtu wa kulalamika. Nimerithi ulimi wangu kwa baba. Lakini kila Ramadhani ilipokaribia, wakati ambao watu husafisha makaburi ya jamaa zao, alibadilika. Chakula alikisukuma. Usingizi ukampaa. Alikuwa na neno moja tu: "Nataka nikawasafishie." Alisema hivyo kana kwamba wale watoto walikuwa wamelala huko na tope usoni.

Mimi nilijaribu kwenda badala yake. Nilichukua panga na jembe, nikafika kwenye kijito, mgambo wakanirudisha. Siku zile kurudi mahame ilikuwa kosa. Waliorudi kulima mashamba yao ya zamani, vibanda vyao vilitiwa moto. Nilimweleza mama, akasema hata ningefika isingetosha. "Wewe ni dada yao," akaniambia. "Mama yao ni mimi."

Tulimpakia kwenye baiskeli. Kabla hatujafika kwenye mbuyu wa njia panda alikuwa analia kwa maumivu, naye mwanamke aliyezaa bila kupiga ukelele. Tukarudi. Vijana wakasema tumbebe kitandani, mabega manne, twende taratibu. Hapo akakasirika kweli. "Mimi nikibebwa kitandani, basi nimekufa. Msinizoeze!"

Basi ndivyo tulivyokuwa wakati mtani wetu alipotoa habari ya reli.

Huyu mtani alikuwa Mnyamwezi. Alikuja ujanani kama manamba, kibarua wa mkataba mwenye namba yake, kukata mkonge, kisha akawa msukuma matoroli kwenye reli ndogo ya shamba, ile nyembamba iliyobeba mkonge hadi karibu na stesheni ya Mnyuzi. Mkonge ulipoanguka bei wenzake walirudi kwao, yeye akabaki. Sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani, kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kutuambia lolote, nasi ruhusa ya kumjibu. Yeye alimwita mama yangu mke wake. Mama naye alimwita mzigo uliosahauliwa na garimoshi. Walipokutana ilikuwa vita tupu, na mimi sijapata kumwona mama akicheka na mtu mwingine namna ile. Alichosema mtani kilikuwa mzaha. Ndiyo desturi. Huwezi kumkasirikia mtani, na huwezi kumsadiki.

Mkutanoni mwenyekiti wa kijiji aliuliza tuanzishe mradi gani wa kujitolea. Mmoja akasema ghala, mwingine josho. Mtani akasimama nyuma: "Mmelalia reli kama kuku aliyelalia yai la bata, hamjui mna nini." Watu wakaangua kicheko. Lakini mwenyekiti, ambaye alipenda sana kusikika mjini, alikuna kidevu. Kweli reli ilikuwepo, chini ya majani, kutoka kijijini kwetu hadi karibu na stesheni. Ikifufuka, machungwa yatafika kwenye garimoshi kabla hayajaoza. Wajawazito watafika Korogwe hospitali bila kuzalia njiani.

Na reli ile ilipita ukingoni mwa mahame yetu. Mama alikuwa wa kwanza kulitambua. Nilimwona pale alipokaa, ameshika fimbo kwa mikono miwili, macho yamemtoka. Anayepita kwenda stesheni hana kosa kwa mgambo. Akisimama kidogo njiani, nani atamuuliza mwanamke mwenye nyonga mbovu amesimama kwa nini?

Kuanzia hapo, mbiu ya mgambo ilipolia Jumamosi, hakuna aliyejificha. Tulifyeka. Mkonge mwitu una miiba nchani, tulirudi nyumbani na mikono imechanika. Wanaume walinyoosha reli kwa moto na nyundo, sisi wanawake tulibeba mawe kwa karai kutoka mtoni. Pale mataruma ya chuma, yale yanayolaliwa na reli, yalipokosekana tulitia magogo. Mtani alikuwa akitembea mbele na mti aliokata kwa kipimo, anaulaza kati ya reli na reli kuona kama zimekaa sawa, na zisipokaa sawa anatukana kabila letu zima, nasi tunalitukana lake.

Kazi kubwa haikuwa kufyeka. Kazi ilikuwa kukusanya chuma kilichokwisha chukuliwa. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa na kipande cha reli juu ya mlango, ndicho kilichoshika ukuta wake. Alikitoa mbele ya watu, akaweka gogo, ukuta ukapata ufa, akasema si kitu. Mmasai mmoja wa upande wa Kwaluguru alikuwa na mataruma mawili, akiwawekea ndama chumvi. Aliombwa akatoa moja. "Hili jingine ndama wamelizoea," akasema, na hakuna aliyebishana naye. Kengele ya shule ilikuwa kipande cha reli kilichotundikwa mtini. Mwalimu mkuu alikataa, akakataa tena, mwisho akaona aibu, akaleta mwenyewe begani. Kwa muda wote huo watoto waliitwa darasani kwa filimbi.

Mama hakuweza kubeba jiwe. Alipika. Kila Jumamosi alikaa mbele ya masufuria, akasonga bada ya muhogo na kuchemsha majani ya mchunga, akawalisha watu waliokuwa wakimtengenezea njia. Mtani akija na sahani yake humwambia, "Mke wangu, bada hii ngumu, ndiyo iliyomuua mumeo." Mama humwongeza nyingine.

Toroli lilipatikana ndani ya kichaka cha mkonge, limepinduka, magurudumu juu. Tulililoweka kwa oili chafu, mafundi wakalipigia mbao mpya na breki ya mti. Likisukumwa na wanaume wanne kwa miti lilikwenda vizuri, na penye mteremko lilikwenda lenyewe. Siku lilipojaribiwa na mzigo wa mawe, likaenda hadi mwisho na kurudi bila kuanguka, watu wazima walilia. Mimi nililia. Sioni haya kusema. Tulikuwa tumehamishwa, tumepangwa, tumehesabiwa, na hiki kilikuwa kitu cha kwanza tulichokifanya sisi wenyewe kikaenda.

Mama alikuwa amekuja kutazama. Mtani akamwendea, akapangusa mbao kwa kofia yake. "Mke wangu, panda. Panda sasa hivi, nikupeleke. Kesho si yako."

Toroli lilikuwa tupu. Jua lilikuwa bado juu. Wanaume wanne walikuwa wamesimama na miti yao, jasho likiwatoka, wako tayari. Laiti angepanda!

Lakini mwenyekiti alikuwa ameshapeleka habari mjini. Mradi bila mgeni rasmi, alisema, ni sawa na ndoa bila shehe. Siku ilikuwa imewekwa, mbuzi wamefungwa. Na mama yangu alilelewa na watu wenye adabu zao. Alimtazama mtani kana kwamba amemwambia ale kabla ya mgeni kunawa. "Mgeni kwanza," akasema. "Nitapandaje kitu ambacho mgeni hajakifungua? Nimengoja miaka, nitashindwa kungoja hadi keshokutwa?"

Mtani akawageukia watu. "Nyie Wazigua hamna akili. Mtu mwenye mke mzuri hamwiti mkubwa aje kumkagua!"

Tulicheka hadi tukashika mbavu. Mama alicheka kuliko wote, akampiga mtani begani kwa fimbo yake. Yalikuwa maneno ya utani, na ya utani huchekewa. Nikiikumbuka ile sauti ya kicheko chetu natamani kuziba masikio.

Tulifunga kiti kwenye toroli, kiti cha mwalimu mkuu chenye mikono. Mama alitoa kitambaa alichokidarizi mwenyewe, maua mekundu na majani, kile ambacho alikiweka kwa ajili ya harusi yangu ya pili ambayo haikutokea. Akakitandika kwenye kiti kwa mkono wake, akakivuta pembe zote nne zikakaa sawa.

Mgeni alikuja amechelewa, kama wageni wote. Alikuwa mkubwa mmoja kutoka mjini, mtu mnene mwenye sauti nzuri, na siwezi kusema alikuwa mbaya. Aliwapa mkono wazee. Alimwamkia mama yangu shikamoo. Alipokaa kwenye kiti na toroli likaanza kwenda, alicheka kwa sauti akashika kofia, na watoto wa shule wakakimbia pembeni wakiimba. Mama alikuwa kwenye boksi lake la sabuni, karibu na mahali pa kupandia. Alikuwa ameshaaga. Nasema kweli, alikuwa ameaga majirani. Mkobani alikuwa na panga dogo, ubani na udi, na maji kwenye chupa.

Toroli lilirudi. Mgeni akashuka, akapanda juu ya meza kuhutubia. Alitusifu. Alisema tumeonyesha maana ya kujitegemea, tumefufua chuma ambacho wakubwa walidhani kimeliwa na kutu. Makofi. Alisema chuma hiki ni mali ya umma. Makofi. Alisema kuna shamba la umma, bado linazalisha, limekwama kwa kukosa reli na mataruma, na haiwezekani chuma kizima namna hii kikae kubeba machungwa ya kijiji kimoja. Kwa hiyo, alisema, atahakikisha kinakwenda kulijenga taifa, na historia itakumbuka kwamba kijiji chetu ndicho kilichokitoa.

Tukapiga makofi.

Ndiyo. Tulipiga makofi. Mikono ilikuwa imezoea. Kila aliponyamaza kidogo tulipiga, na aliponyamaza hapo tulipiga pia, na ni baadaye tu, mikono bado iko hewani, ndipo tulipoanza kutazamana. Mwenyekiti alikuwa amefungua mdomo. Mama yangu, ambaye kutokana na ngoma hakusikia vizuri, alipiga makofi na sisi, kisha akanivuta kanga. "Amesema zamu yangu lini?"

Nilikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti, pale kwenye meza ya pilau, mbele ya mgeni na mbuzi wake. Nikamwambia, "Ndugu mwenyekiti, mpandishe mama sasa hivi. Safari moja. Mkitaka kung'oa mng'oe kesho." Mwenyekiti macho yalikuwa yamemjaa maji, hilo nililiona, lakini alisema mkubwa ameagiza toroli lisiguswe mpaka wataalamu wake walikague, lisije likamwangusha mtu. Mgambo wawili walikuwa wameshasimama pale. Nilimwita mwenyekiti jina baya. Nilimwita jingine. Mgeni akainua uso kutoka kwenye sahani, na hapo nikasikia fimbo ya mama nyuma yangu.

"Usinitie aibu mbele ya mgeni," akasema.

Akamwomba mwenyekiti kitu kimoja tu, arudishiwe kitambaa chake.

Malori yalikuja kabla ya mvua. Mbiu ililia, na tulijua kuna jambo. Waliotandika ndio walioitwa kung'oa. Na iliitwa vilevile, kazi ya kujitolea! Mtani hakwenda. "Mimi nilikuja na namba," alisema, "na namba yangu imekwisha." Akalala kibarazani kwake, uso ameufunika kwa kofia. Mimi pia sikwenda. Mgambo alikuja mlangoni, nikamwambia aingie anibebe. Hakuingia.

Lakini nyundo zilisikika. Mama alikaa uani, sikio ameliweka upande wa reli. Alikuwa anaijua njia ile kwa mlio. "Sasa wako kwenye daraja," akasema. Tukaendelea kupukuchua mahindi. Baada ya muda akasema, "Sasa wako kwenye kona ya mikwaju." Mlio ukawa mdogo. Nilimwomba aingie ndani, jua kali. Akainua mkono ninyamaze. Alisikiliza kwa muda mrefu, mdomo wazi kidogo, kisha akasema, "Sasa wako kwetu."

Baada ya hapo hakuuliza tena. Ramadhani ilikuja, hakusema anataka kuwasafishia. Ikapita, ikaja nyingine. Mtani alikuja na maneno yake, mke wangu hivi, mke wangu vile, mama akamwitikia kwa heshima kana kwamba ni mtu baki. Hilo lilimuumiza mtani kuliko matusi. Mwalimu mkuu alikwenda kuulizia kengele yake, akaambiwa chuma chote kimeshapakiwa, akatundika jembe bovu. Mlio wake ulikuwa mkavu, na kila alfajiri lilipogongwa nilimwona mama akigeuza uso ukutani.

Alikufa wakati wa masika, saa za mchana, mimi nikimmenyea chungwa.

Mwenyekiti alikuja kwanza kabisa. Alisema kijiji kina makaburi yake mapya, yamepimwa. Nilikuwa nimejiandaa kumrukia. Nilikuwa na maneno yangu yote ya miaka ile. Lakini kabla sijafungua mdomo akasema, kwa sauti ndogo, kwamba maiti hahamishwi na operesheni, na kwamba yeye mwenyewe atabeba mguu wa kitanda. Nikabaki na maneno yangu. Ninayo hadi leo.

Basi wakambeba kitandani, kama alivyokataa. Njia ilikuwa ni ile ya reli, maana ndiyo pekee iliyokuwa imefyekwa, ingawa majani yalikuwa yameanza kurudi. Sisi wanawake hatuendi makaburini siku ya kuzika. Tulisimama pale pale palipokuwa mahali pa kupandia, kwenye mawe niliyoyabeba kwa karai. Walipotaka kuondoka, mtani akatokea, akasimama katikati ya njia, akatandaza mikono. Ni haki yake. Mtani huzuia jeneza, huomba chochote, hutania wafiwa ili wasife na wao.

"Wekeni chini," akasema. "Kiko wapi kitambaa? Mgeni rasmi atasafirije bila kitambaa?"

Nilikimbia ndani nikakileta. Akakitandaza juu ya mama, maua mekundu juu, akavuta pembe zote nne zikakaa sawa. Kisha akapaza sauti, "Pisheni! Mgeni kwanza!" Wapo waliocheka. Mimi nilicheka, Mungu anisamehe, nikacheka huku kamasi zikinitoka. Wakamwinua wakaenda, na mtani akiwa mbele anatukana Wazigua wote hadi wakapotea kwenye kona.

Walirudi jua limeshainama, wamelowa hadi kiunoni. Wanaume walinawa, wakakaa kwenye mkeka, hakuna aliyetaka kunitazama. Nikamfuata mtani alikokaa peke yake, nikamuuliza kama wamemlaza karibu na wale watoto.

Alikuwa ameshika kofia yake. Alikuwa anaizungusha mikononi.

"Hatukuwaona," akasema. "Malori ya reli yaligeuzia pale pale makaburini. Halafu msitu ukaota. Tulitafuta jiwe hata moja, hatukupata. Tumechimba tulipofikiria."

Katika maisha yangu yote mtu huyu hakuwahi kuniambia jambo bila kulitia mzaha. Nilimtazama mdomoni, nikingoja. Nilingoja aseme kwamba sisi Wazigua tunapoteza hata maiti zetu, kwamba mke wake kakimbilia kwa mwanamume mwingine, lolote lile, chochote ambacho ningeweza kutokukisadiki.

"Nitanie basi," nikamwambia.

Akavaa kofia yake, akatazama chini.